Kioo na Sebule katika Mwambao wa Uvira

Mji wa Uvira umelala juu ya ukanda mwembamba wa ardhi baina ya milima ya Mitumba, inayopanda upande wa magharibi hata kupita mita 3,000, na maji ya Ziwa Tanganyika upande wa mashariki. Na kwa kuwa mlima hausogei nyuma wala ziwa halitoi nafasi, watu waliozidi kuongezeka kutoka mtaa wa Kavimvira mpaka mtaa wa Kalundu wamelazimika kugawana viwanja vidogo, na juu ya viwanja hivyo kujenga nyumba ndogo, na ndani ya nyumba hizo kutenga sebule, au salo kama wasemavyo watu wa hapa, ambayo aghalabu haizidi mita 3 kwa 4. Mtu atakaye kujua kwa nini suala la ukubwa wa televisheni, ambalo katika miji yenye wasaa ni suala la fedha tu, limekuwa katika mwambao huu suala la ujenzi, la ujirani na la heshima, hana budi kuanza na udogo wa chumba hiki, na kazi kiliyokuwa nayo kabla ya kioo kuingia.

Desturi ya kumpokea mgeni katika mahali palipotengwa kwa ajili yake ilikuja huku pamoja na misafara. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipowasili Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwezi wa Aprili 1858, wakiutafuta mto waliotumaini kuwa hutoka katika ziwa kwenda kaskazini, na wakaambiwa papa hapa kuwa Ruzizi huingia ziwani wala hautoki, walikuta soko ambalo wafanyabiashara wa Ujiji wamekwisha kulizoea. Na wasafiri wenzao Livingstone na Stanley, walipokuja kuuhakikisha mdomo wa mto huo mwezi wa Novemba 1871, walipita katika njia ile ile ya maji. Nyuma ya pembe za ndovu, nafaka, na, kwa huzuni ya historia yetu, nyuma ya watumwa pia, ilikuja lugha ya Kiswahili, na pamoja na lugha ikaja nyumba yenye baraza, ambayo hata leo alama zake huonekana Ujiji na katika mtaa wa Buyenzi huko Bujumbura. Barazani watu walikaa wakitazamana. Mwenyeji alimwona mgeni wake uso kwa uso, akajua kabla ya kuambiwa kama habari aliyoileta ni ya heri au ya msiba, na sitara ya nyumba ikabaki nyuma ya mlango.

Katika zama za Wabelgiji kikao hicho kiliingia ndani kidogo kidogo. Viti vilipangwa vikiegemea kuta nne, meza ndogo ikakaa katikati, pazia likatenganisha chumba cha wageni na vyumba vya kulala, lakini mpango wa nyuso kutazamana haukuvunjika. Hata redio haikuuvunja, maana sauti haichagui upande. Iliwekwa juu ya kabati, na waliotaka kuisikiliza waliisikiliza wakiendelea kutazamana, au wakiwa jikoni, au nje chini ya mwembe, na ndivyo watu wengi wa mashariki ya Kongo walivyopata habari za uhuru tarehe 30 Juni 1960, macho yao yakiwa juu ya wenzao. Televisheni ndiyo iliyodai kitu ambacho hakuna chombo kingine kilichokidai kabla yake katika nyumba ya Mswahili, nacho ni kwamba watu wote waliomo chumbani waelekee upande mmoja na wakae kwa umbali fulani.

Televisheni ya Kinshasa ilizinduliwa mwezi wa Novemba 1966, lakini baina ya Kinshasa na Uvira zipo kilomita 1,500 na zaidi, na mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka, hayapindi kufuata mgongo wa dunia wala hayapenyi mlima. Kwa Uvira, yenye ukuta wa Mitumba mgongoni, hii ilikuwa na maana kwamba picha za mji mkuu wa taifa zisingefika ila kwa msaada wa setilaiti na mitambo ya kuzirusha upya. Burundi ilipofungua televisheni yake mwaka 1984, mambo yalikuwa kinyume kabisa: Bujumbura iko ng'ambo ya pili, kiasi cha kilomita 24 za maji matupu, bila jengo, bila msitu, bila kilima cha kuzuia, na nguzo ya antena iliyosimamishwa juu ya bati la nyumba ya Mulongwe au Kasenga na kuelekezwa mashariki ilikuwa inaitazama Bujumbura ana kwa ana. Hivyo raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, walikaa katika sebule zao wakitazama habari za jirani kabla ya habari za Rais wao Mobutu, aliyekuwa akionyeshwa Kinshasa akishuka kutoka mawinguni kila jioni kabla ya taarifa. Na jambo hili, kwa maoni yangu, lilichangia sana kuufanya mwambao huu ujione kuwa ni jamii moja ya ziwa kuliko ncha ya mbali ya dola kubwa.

Seti zenyewe zilikuja kwa njia mbili. Zilizokuja kupitia Bujumbura zilikuwa zimetengenezwa kupokea rangi kwa utaratibu wa Kifaransa wa SECAM, uliotumiwa na Burundi na Zaire. Zilizokuja kwa reli ya kati, kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma na kisha kwa meli mpaka bandari ya Kalundu, mara nyingi zilikuwa za utaratibu wa PAL, na seti ya PAL isiyojua utaratibu wa pili ikipokea picha ya SECAM huionyesha nyeupe na nyeusi tu. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara aliuliza kwanza habari za rangi, kisha habari za umeme, na suala la ukubwa likawa la mwisho.

Ukubwa huo ulihesabiwa, na ungali unahesabiwa, kwa inchi za mshazari, kutoka pembe moja ya kioo mpaka pembe ya pili iliyo kinyume chake. Hesabu hii imerithiwa kutoka Marekani, ambako mirija ya mwanzo ya televisheni ilikuwa na uso wa duara, na duara lina kipimo kimoja tu, yaani kipenyo. Mirija ya pembe nne ilipotokea karibu na mwaka 1950 wauzaji hawakukiacha kipimo walichokizoea, wakakihamishia katika mshazari. Kipimo hicho hakimwambii mnunuzi upana wala kimo, na udhaifu wake ulikuja kuwadhuru watu baadaye, kama nitakavyoeleza.

Seti ndogo ya inchi 14 ndiyo iliyowafaa wengi wa mwanzo. Picha yake ina upana wa sentimita 28 na kimo cha sentimita 21, uzito wake hauzidi sana kilo 10, na zilikuwapo seti ndogo za nyeupe na nyeusi ambazo ziliweza kuwaka kwa betri ya gari ya volti 12, jambo kubwa katika mitaa ambayo waya wa umeme ulikuwa haujapita. Lakini jicho zima la binadamu haliwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko dakika moja ya pembe, yaani sehemu 1 katika sehemu 60 za digrii. Na kwa kuwa picha ya zama zile ilikuwa na mistari 625, ambayo kiasi cha 576 ndiyo iliyochukua picha yenyewe, mahali pazuri pa kukaa palikuwa umbali wa mara 6 hivi ya kimo cha picha. Akikaribia zaidi mtazamaji huona mistari, akijitenga zaidi hupoteza sehemu ya kile kilichorushwa. Kwa inchi 14 umbali huo ni mita 1 na robo hivi, na mahali hapo katika sebule ya Uvira ni mkekani, wanapokaa watoto. Wazee waliokaa juu ya viti vya ukutani, waliokalishwa huko kwa taadhima, waliona kidogo kuliko wajukuu wao. Na jirani aliyesimama dirishani alisikia zaidi kuliko alivyoona.

Kwa sababu hiyo, na si kwa tamaa ya fakhari peke yake, watu waliojaliwa walipanda kwenda inchi 20 na 21. Picha ya inchi 21 ina upana wa sentimita 43 na kimo cha sentimita 32, na mara 6 ya kimo hicho ni mita 1.9. Chukua chumba cha mita 3, toa nusu mita ya meza na ya mgongo mnene wa seti, toa kiasi cha kiti na magoti ya aliyekaa, na utakuta kwamba jicho la mtu aliye katika kiti cha mbele ya kioo limeangukia karibu na umbali ule ule. Hapana mhandisi aliyekuja Uvira kupima sebule kabla ya kuamua hivyo, lakini chumba na kioo vilikubaliana, na mimi naona kwamba hii ndiyo sababu seti ya inchi 21 ilitawala katika mwambao huu kwa miaka mingi kuliko nyingine yoyote.

Umeme nao ulikuwa na sauti yake katika shauri hili. Maporomoko ya Ruzizi yalianza kutoa umeme katika mtambo wa kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na mtambo wa pili, ulio mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi, ukaanza kazi mwaka 1989. Hata hivyo nguvu iliyofika majumbani saa za jioni, kila mtu anapowasha taa na kupika, ilikuwa hafifu, na hapo seti dhaifu huonyesha picha iliyonywea kutoka pande zote, yenye ukingo mweusi. Mrija mkubwa unakula umeme mwingi kuliko mdogo. Mwenye seti ya inchi 21 aliweza kuiwasha kwa jenereta ndogo pamoja na taa mbili. Mwenye seti kubwa zaidi alilazimika kuhesabu mafuta.

Lakini kipimo kilichokuwa na nguvu kuliko vyote ni idadi ya watu. Katika mtaa ambao seti zilikuwa chache, nyumba yenye televisheni haikuwa tena nyumba ya watu wake peke yao. Jioni ya mechi, au ya maigizo, watoto wa jirani walikuja wakiwa wamekwisha oga, wakakaa chini bila kuambiwa, kinamama wakakaa karibu na mlango wa ndani, vijana wakajaza kizingiti na dirisha, na baba mwenye nyumba, ambaye angeweza kufunga mlango, hakuufunga, maana kumfungia jirani mlango kwa ajili ya kitu kisichopungua kwa kutazamwa kulikuwa aibu kubwa. Mtu wa namna hii aliponunua seti aliuliza, kwa sauti au moyoni, ni wangapi watakaoiona. Kitambaa kilichodariziwa kwa mkono, kilichofunika kioo mchana na kufunuliwa jioni, kilikinga vumbi, na kufunuliwa kwake kulikuwa pia mwaliko. Nalitaja jambo hili kwa msisitizo kwa kuwa vitabu vya wauzaji, vinavyompima mtazamaji mmoja juu ya kiti kimoja, havina habari za sebule yenye watu 20.

Kisha zikaja nyakati ambazo sebule zilipokea watu wasiokuja kutazama. Baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993, Warundi kwa maelfu walivuka Ruzizi kuja Uvira. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilivyouangusha utawala wa Mobutu vilianzia katika milima hii hii, na mji ukatekwa kabla ya mwezi kwisha. Mwezi wa Agosti 1998 vita vya pili vikafuata. Katika mambo hayo mazito uporaji wa vyombo ni jambo dogo, nami silitaji ila kwa kuwa liliacha alama katika mazoea ya kununua: seti ya inchi 14 mtu mmoja aliweza kuifunga katika shuka na kuivusha ziwa au kuificha darini, ilhali ya inchi 21, yenye kilo 20 na zaidi, ilibaki mahali pake ikimngoja mporaji, na familia nyingi zilizorudi zilianza tena na kitu kidogo, si kwa ufukara tu bali kwa kutoamini kwamba safari hii ndiyo ya mwisho.

Amani ya kiasi iliporejea, Ulaya na nchi za Ghuba zilikuwa zimeanza kuitupa mirija na kupokea vioo vyembamba, na seti kubwa za inchi 25 na 29, zilizotumika kwa wengine, zikamiminika kwa bei nafuu kupitia Dubai na Dar es Salaam, zikajaa katika Soko Kuu la Bujumbura, ambalo watu wa Uvira walilitegemea mpaka lilipoungua tarehe 27 Januari 2013. Seti ya inchi 29 ina uzito wa kilo 40 hivi na kina cha nusu mita au zaidi. Haikuwezekana kuwekwa katikati ya ukuta wa sebule ndogo bila kuziba njia, kwa hiyo ilisukumwa pembeni, ambako mgongo wake uliingia katika kona ya kuta mbili, na viti vyote vikageuzwa kuielekea kona ile. Nadhani hapa ndipo ule mpango wa kale wa kutazamana uliposhindwa kwa mara ya kwanza hasa. Na kwa mtazamaji faida yake ilikuwa ndogo: kimo cha picha kilikuwa sentimita 44, umbali uliofaa ulikuwa mita 2.6, na chumba hakikuwa nao. Mahali pake pa haki palikuwa vile vibanda vya video, vyenye mabenchi na jenereta, ambamo filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili na mechi za mpira zilitazamwa kwa kiingilio. Na kadiri vibanda vilivyozidi, ndivyo milango ya majumbani ilivyoanza kufungwa bila aibu, maana jirani sasa alikuwa na pahali pengine pa kwenda.

Kioo chembamba kilipofika kilileta yale madhara ya kipimo cha mshazari niliyoyataja. Umbo la picha lilikuwa limebadilika, kutoka sehemu 4 kwa 3 kuwa sehemu 16 kwa 9, na mshazari wa umbo pana hudanganya. Aliyeuza seti yake ya inchi 29 akanunua kioo cha inchi 32 alidhani ameongeza. Kwa kweli kimo kilishuka kutoka sentimita 44 mpaka 40, na maadamu stesheni zilikuwa zingali zikirusha kwa umbo la zamani, picha iliyomfikia, ikiwa na ukingo mweusi kushoto na kulia, ilikuwa sawa na ya inchi 26. Wengine, ili kujaza kioo, waliivuta picha ikapanuka, na watangazaji wakaonekana wanene kwa miaka mingi.

Lakini kioo hicho kilirudisha nusu mita ya sakafu, na katika chumba cha mita 3 hiyo ni zawadi isiyo ndogo. Kilitaka tu ukuta, na hapa mambo mawili ya Uvira yaliingia. La kwanza ni kwamba ukuta wa matofali mabichi haushiki msumari wa chuma kwa uzito, na fundi mwaminifu humshauri mwenye nyumba ya namna hiyo akiweke kioo juu ya meza, au apitishe ubao nyuma yake. La pili ni maji. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika kwa usiku mmoja, ukaua watu kwa makumi na kubomoa nyumba kwa maelfu. Na tangu miaka hiyo ziwa lenyewe limepanda likaingia katika nyumba za ufukoni. Kanuni njema ni kwamba katikati ya kioo palingane na macho ya aliyekaa, yaani mita 1 au 1.2 kutoka sakafuni, kwa sababu shingo inayoinuliwa saa mbili huuma. Lakini mtu ambaye amekwisha kuona maji yakipita sebuleni kwake hukitundika juu, karibu na dari, wala siwezi kumlaumu.

Nikirudi kwa ukubwa wenyewe: tarehe 7 Februari 2024, katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Abidjan, wimbo wa taifa ulipokuwa ukipigwa, wachezaji wa Kongo walisimama safu moja, wakafunika vinywa vyao kwa kiganja na kuelekeza vidole viwili kichwani mithili ya bunduki, kuuambia ulimwengu juu ya mauaji ya mashariki ya nchi yao ambayo hayasemwi. Safu ya watu 11, ikionyeshwa kwa ukamilifu katika kioo kidogo, humpa kila mtu upana wa vidole viwili, na ishara ya mkono juu ya mdomo hupotea kwa aliye mlangoni. Kwa watu wa mashariki hii ile haikuwa picha ya kupotea, nami sijui hoja bora kuliko hiyo ya kutaka kioo kikubwa kadiri chumba kiruhusuvyo.

Na chumba kinaruhusu zaidi kuliko zamani. Picha ya sasa yenye mistari 1,080 humtaka mtazamaji akae mara 3 tu ya kimo chake, wala si mara 6. Kioo cha inchi 43, chenye upana wa sentimita 95 na kimo cha sentimita 54, kinafaa kutazamwa kuanzia mita 1.6, nacho kinakula umeme usiozidi ule wa mrija wa inchi 29. Katika sebule ya mita 3 kwa 4 mimi ningekichagua hicho, na kukiweka katika ukuta mfupi, ili urefu wa mita 4 uwe wa wageni. Wala kisielekee dirisha la mashariki, ambalo asubuhi hupokea jua pamoja na mng'ao wa ziwa, ingawa jioni hapana taabu, kwa kuwa jua la Uvira huwahi kujificha nyuma ya mlima. Yeyote atakayekwenda kununua na ajihadhari na jambo moja ambalo mirija haikuwa nalo: mrija ulionekana sawasawa kutoka pembe zote za chumba, lakini vioo vingi vyembamba vya bei nafuu hufifia vikitazamwa kwa upande, rangi zikachujuka na weusi ukawa kijivu, hata aliyekaa katika kiti cha ukutani, ambacho ni kiti cha mgeni tangu zama za baraza, akaona picha mbovu kuliko ya mwenyeji wake. Basi dukani, kabla ya kulipa, aombe kiwashwe, asogee mpaka ubavuni mwa kioo, akae hapo kitambo, na akipime kwa jicho la yule atakayekaa pembeni.